Norah Jones, Come Away with Me: uzoefu wangu kama mpenzi wa jazi hapa Mtwara

Naipa albamu hii nyota nne kati ya tano. Kwenye kijiwe chetu hapa Shangani, Mtwara, wapo ambao wangeipa tano bila kusita, na wapo wasiotaka hata kuisikia ikitajwa pale panapozungumzwa jazi. Mimi nimeisikiliza kwa spika kubwa na kwa simu, nikiwa na watu na nikiwa peke yangu. Nadhani wanaoipenda na wanaoikataa wote wana hoja ya kweli, ila kila upande umeishia nusu ya njia.

Kwa asiyeijua: ilitoka tarehe 26 Februari 2002, ina nyimbo 14 zinazochukua kama dakika 45, na imeuza zaidi ya nakala milioni 27 duniani. Februari 2003 ilizoa tuzo nane za Grammy, ikiwemo ya albamu bora ya mwaka. Tano kati ya hizo zilikuwa za mwimbaji mwenyewe, binti ambaye wakati albamu inatoka alikuwa hajatimiza miaka 23. Baba yake ni Ravi Shankar, bingwa wa sitar wa India, lakini alilelewa na mama yake Texas, akasomea piano ya jazi katika Chuo Kikuu cha North Texas, kisha mwaka 1999 akahamia New York kutafuta riziki ya muziki.

Sasa ugomvi. Albamu imetolewa na Blue Note, lebo iliyoanzishwa New York mwaka 1939, nyumba ya wakubwa wa jazi kama Thelonious Monk, Art Blakey na Horace Silver, na ndiyo iliyomrekodi mpiga saksafoni John Coltrane mwaka 1957 kwenye Blue Train. Mtu aliyekulia kwenye santuri hizo akiliona jina la Blue Note kwenye jalada huwa ameshajiandaa kwa kitu fulani: tarumbeta na saksafoni zinazopokezana, dramu zinazobisha, na mpigaji anayebuni papo hapo jambo ambalo hata yeye hakulijua dakika moja kabla. Anaweka albamu, anasikia gitaa linaingia taratibu, binti anaimba kwa sauti ya chini kabisa, na baada ya dakika tatu wimbo umekwisha.

Kijiweni yupo mzee mmoja ambaye ujanani alipiga gitaa la ridhim kwenye bendi ya dansi. Siku tulipoisikiliza pamoja aliinamisha kichwa, akatulia nyimbo nne za mwanzo bila kusema neno. Halafu akaniuliza, "Mwanangu, chemko liko wapi?"

Mtu aliyecheza dansi la bendi za Morogoro Jazz au Western Jazz anajua alichokuwa anakitafuta. Wimbo wa dansi unaanza kwa maneno, mwimbaji anatoa kisa chake, halafu unafika mahali waimbaji wananyamaza na magitaa na saksafoni wanachukua uwanja; hilo ndilo chemko. Hapo ndipo Mbaraka Mwinshehe alipojenga jina lake la mpiga gitaa la solo. Mzee wangu alikuwa anangoja mlango huo ufunguke. Kwenye Come Away with Me haufunguki. Kila wimbo unabaki kwenye maneno, na vyombo vinatembea nyuma ya mwimbaji kwa adabu hadi mwisho.

Hoja yake ni nzito, na ndiyo hoja ya wapenzi wengi wa jazi tangu mwaka 2002. Jazi ni mjibizano. Ukiitazama ngoma ya sindimba, mpigaji na mchezaji wanaulizana na kujibizana, mmoja akibadili hatua mwenzake lazima ajibu, na raha ya mtazamaji iko hapohapo. Albamu hii haina hatari ya namna hiyo. Hakuna anayeshtuka, hakuna anayepotea na kurudi. Ndiyo maana baadhi ya wenzangu wanasema wamedanganywa na jalada, na ndiyo maana nyota moja nimeipunguza.

Lakini upande wa pili nao una maneno. Dada mmoja wa kijiweni ni nesi, na akitoka zamu ya usiku hataki mtu amwonyeshe ufundi. Alimjibu mzee kwa heshima zote: "Baba, shikamoo yako naitoa, lakini usiku kucha nimesikia kengele na vilio. Huyu binti anaongea na mimi kama mtu aliyekaa kitanda cha pili. Sihitaji achemke." Mzee alicheka na kumkubalia, ingawa hakubadili msimamo wake hata kidogo.

Mimi naona jazi imo, ila haipo mahali tulipozoea kuitafuta. Sikiliza anavyochelewesha maneno. Kwenye Don't Know Why, wimbo ulioandikwa na Jesse Harris, besi na dramu wanaweka mpigo ulionyooka, naye anaangusha neno nyuma kidogo ya mpigo, halafu anaharakisha linalofuata ili afike pamoja nao. Hiyo ni mbinu ya Billie Holiday, mwimbaji mkongwe wa jazi, na mtu haipati kwa kuwa na sauti nzuri tu. Sikiliza pia piano yake: anapiga noti chache, kwenye mianya tu, kama mtu aliyejifunza kumsindikiza mwimbaji mwingine kabla hajaanza kujisindikiza mwenyewe.

Chukua Cold, Cold Heart. Huu ni wimbo wa Hank Williams wa mwaka 1951, muziki wa kantri kabisa. Norah amezibadili kodi (noti zinazopigwa kwa pamoja chini ya wimbo), besi inatembea kijazi, na maneno ya mkulima wa kusini mwa Marekani yanageuka kuwa ya mtu aliyekaa baa usiku wa manane. Wanajazi wamekuwa wakifanya hivyo tangu zamani, wanachukua wimbo wa watu wengine na kuufungua upya. Kama huu ungekuwa na dakika mbili zaidi na gitaa likaachiwa nafasi, nadhani mzee wangu asingeuliza lile swali.

Halafu upo wimbo wa mwisho, The Nearness of You wa Hoagy Carmichael. Ni piano na sauti basi, hakuna kingine. Huo ndio ninaowasikilizisha wabishi. Hapo hana pa kujificha, na hajifichi. Anausogeza muda anavyotaka, anasimama pale ambapo mwingine angeogopa ukimya, na kodi anazochagua chini ya mstari wa mwisho ni za mtu aliyekaa miaka mingi na muziki huu. Ukitaka kujua kama mwimbaji huyu anaijua jazi, anza mwisho kabisa.

Wapigaji wake nao si watu wa kubahatisha. Brian Blade yumo kwenye dramu, mmoja wa wapiga dramu wa jazi wanaoheshimiwa sana wa kizazi chake. Bill Frisell amepiga gitaa kwenye The Long Day Is Over. Watu hawa wangeweza kuuwasha moto wakitaka. Wamechagua kutouwasha, na kupiga kidogo kwa usahihi huo ni kazi ngumu. Lakini naelewa pia mtu anayelipa fedha yake akiliona jina la Frisell halafu akakasirika kwamba amepewa vijiko viwili tu.

Kasoro yangu kubwa haihusu jina la jazi hata kidogo. Ni mwendo. Nyimbo karibu zote zina kasi moja na joto moja, na ukifika katikati, kuanzia Lonestar kwenda mbele, zinaanza kufanana. I've Got to See You Again unaamsha mambo kwa sababu una kiza ndani yake na fidla inayonung'unika, kisha tunarudi kwenye utulivu uleule. Kwa mtu anayesikiliza kwa makini tangu mwanzo hadi mwisho, zingeondolewa nyimbo mbili na albamu ingekuwa na nguvu zaidi.

Kuhusu namna ya kuisikiliza, hili ni muhimu kwa tulio huku. Spika ya simu inaiua, besi ya Lee Alexander inapotea yote na unabaki na sauti inayoelea hewani. Sabufa nazo, hizi zilizotengenezwa kwa singeli na bongofleva, zinaivimbisha besi hiyohiyo mpaka inafunika piano. Shusha besi karibu yote, au tumia hedifoni za kawaida zinazoziba masikio vizuri. Mimi huwa naipakua yote kwenye simu bando likiwapo, ili mtandao ukiyumba au umeme ukikatika niendelee. Na kwa kweli umeme ukikatika ndipo inaposikika vizuri zaidi, kwa sababu mafeni na majokofu ya mtaa mzima yananyamaza na unamsikia binti anavyovuta pumzi kabla ya kila mstari.

Kinachoniuma ni matumizi yake. Nimekula chakula cha jioni kwenye nyumba ya wageni Mikindani ambako ilikuwa ikizunguka tangu naingia hadi natoka, sauti iko chini kiasi cha kuchanganyika na visu na sahani, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anaisikiliza. Hapo ndipo wenzangu wanapopata hasira, maana mgeni akiuliza anaambiwa hiyo ndiyo jazi, na huenda asitafute nyingine maishani mwake. Nawaunga mkono kwenye hasira hiyo, ila naomba tusimtupie mwimbaji kosa la mtu aliyeshika kitufe cha sauti.

Tena ugomvi wenyewe ni wa kale. Nat King Cole alikuwa mpiga piano hatari wa jazi kabla watu hawajaipenda sauti yake, na alipokuwa nyota wa nyimbo laini wapo wapenzi waliolia kwamba wameporwa mpigaji wao. Mwaka 1964 Stan Getz na João Gilberto walitoa albamu tulivu ya bossa nova, muziki laini wa Brazil, mwimbaji Astrud Gilberto akaimba kana kwamba anajiimbia mwenyewe jikoni, na mwaka uliofuata ikachukua Grammy ya albamu bora. Leo hakuna shabiki wa jazi ninayemfahamu anayeona haya kuwa nayo.

Na wakubwa wa jazi wenyewe hawakumkimbia Norah. Herbie Hancock, aliyerekodi kazi zake kubwa za miaka ya 1960 hapohapo Blue Note, alimwita kuimba kwenye River: The Joni Letters, albamu iliyoshinda Grammy ya albamu bora mwaka 2008. Wayne Shorter alipiga saksafoni humo, na mwaka 2016 akapiga tena kwenye albamu ya Norah iitwayo Day Breaks. Hiyo Day Breaks ndiyo niliyompelekea mzee wa ridhim. Ina wimbo wa Horace Silver uitwao Peace na wa Duke Ellington uitwao Fleurette Africaine, na Shorter anaingia na kutoka anavyojisikia. Aliomba nirudie. Akasema, "Kumbe mtoto anaweza. Basi kwa nini kule alijizuia?"

Sehemu ya jibu la swali lake inapatikana kwenye toleo la kutimiza miaka 20 lililotoka mwaka 2022, na kwa mpenzi wa jazi anayesita kununua, hilo ndilo ninalompendekezea. Albamu hii ilirekodiwa zaidi ya mara moja. Kulikuwa kwanza na demo, yaani rekodi za majaribio, nyepesi na zenye nafasi. Kisha Norah akaenda studio ya Allaire, nje ya jiji la New York, na mtayarishaji Craig Street, wakiwa na Frisell, Blade na mpiga gitaa Kevin Breit. Huko magitaa yalipewa uhuru na sauti ikawa na ukungu mzito. Bruce Lundvall, mkuu wa Blue Note wakati huo, aliona wameuacha mbali ule wepesi wa demo uliomvutia, ndipo akaletwa Arif Mardin, mtayarishaji mkongwe aliyefanya kazi na Aretha Franklin, kurekodi upya sehemu kubwa ya kazi. Nyimbo chache za Allaire zilibaki kwenye albamu, nyingine zikakaa kabatini miaka 20.

Nimezisikiliza zote kwa kufuatana. Za Allaire zina giza zaidi, magitaa yanazungumza zaidi, na nyingine zinarefuka kama mpenzi wa jazi anavyotaka. Lakini sauti ya Norah inazama mle ndani, na maneno yanapoteza ule ukaribu alioupenda dada yetu nesi. Lundvall alichagua sawasawa kwa ajili ya watu wengi, na mimi ningechagua kama yeye kwa nyimbo nyingi, isipokuwa mbili tatu ambazo ningeziacha kama zilivyopigwa Allaire. Kama wewe ni wa upande wa mzee, anzia kwenye rekodi hizo za Allaire halafu uende Day Breaks. Kama ni wa upande wa nesi, toleo la kawaida la nyimbo 14 linatosha kabisa, hakuna haja ya kulipia zaidi.