Uzoefu wangu: kinga ya usiku ya akriliki ngumu kwa mwenye kipandikizi cha jino

Ninayoitumia inavaliwa taya la juu, inafunika meno yote, na huku nyuma kwenye magego ina unene wa kama milimita 2. Kipandikizi, yaani mzizi bandia uliopandwa kwenye mfupa wa taya, kipo chini, gego la kwanza la kulia. Kwa anayesaga meno usingizini naipa alama za juu, ila sharti isawazishwe mdomoni, yaani daktari aisage kidogo kidogo mpaka ilingane na unavyouma. Ikivaliwa vile ilivyotoka maabara, inaweza kuumiza kilekile ulichotaka kukilinda.

Jino la asili limeshikwa na nyuzi, ukikaza taya linadidimia kidogo kwenye tundu lake. Kipandikizi kimegandana na mfupa, hakididimii. Kwa hiyo vyote vikigusa sawa ukiuma kidogo, ukikaza tu mzigo unakimbilia kwenye kipandikizi. Tena hakina zile nyuzi za kukushtua kwamba unauma kupita kiasi.

Ndiyo maana karatasi ya rangi, ile unayoiuma ikaacha alama, peke yake haitoshi. Alama inaonyesha pamegusa wapi; imegusa kwa nguvu gani, hapo inadanganya. Mwombe daktari amalizie na ile karatasi ya metali ya maikroni 8 (sehemu 8 za elfu za milimita), anayoivuta huku umeuma. Ukiuma taratibu, juu ya kipandikizi ichomoke na kwenye meno jirani ing'ang'anie. Ukikaza, ing'ang'anie kote. Ukitelezesha taya pembeni, mstari wa rangi uonekane kwenye chonge, gego lisiguse. Yangu ilisagwa siku ya kuvaa, ikasagwa tena wiki 2 baadaye.

Zile laini za dukani, za kuchovya maji ya moto, siziungi mkono: hazisawazishiki, na wengine huzitafuna usiku kucha kama chingamu.

Kasoro zake? Mate yanajaa siku za mwanzo. Maji ya moto yanaipinda, dawa ya meno inaikwaruza. Sabuni ya vyombo, mswaki laini na maji baridi vinatosha.

Mchana haikusaidii kitu, kwa hiyo miwa, mifupa na kufungua soda kwa meno, sahau. Taji (jino bandia lililo juu ya kipandikizi) likianza kucheza, mara nyingi ni skrubu inayolishikilia imelegea. Acha kutafunia upande huo, uwahi ikakazwe kwa spana yenye kipimo (nyingi ni 30 hadi 35 Ncm, yaani newton-sentimita, kutegemea mtengenezaji). Ukichelewa inaweza kukatikia ndani, na kukitoa kile kipande ni kibarua kizito. Siku hiyo nenda na kinga yako: taji likibadilishwa, nayo inasawazishwa upya.