Matofali ya povu yenye majivu ya pumba: nilivyoyaona mlimani Mabatini

Mlimani Mabatini, jijini Mwanza, gari linaishia chini barabarani. Kuanzia hapo kila tofali linapanda begani mwa kijana, likipita katikati ya mawe, na kila safari inalipiwa. Hicho ndicho kilichonipeleka kwenye matofali ya povu. Tofali la kawaida la inchi 6 lisilo na matundu lina kilo 30 hivi. La povu, likitengenezwa kwa uzito wa kilo 1,000 kwa mita ya ujazo, ni kama kilo 15. Hakuna kokoto ndani: ni saruji, mchanga laini, maji na povu.

Karakana niliyonunua inatengeneza aina mbili. Moja ni saruji tupu. Nyingine sehemu ndogo ya saruji inatolewa na kuwekwa majivu ya pumba za mpunga. Nikanunua zote, kila chumba na aina yake.

Haya ya majivu ndiyo ninayotaka kuyasema zaidi. Pumba Kanda ya Ziwa si za kutafuta, zimerundikana kila penye mashine ya kukoboa. Zikichomwa kwa moto wa wastani, majivu yake sehemu kubwa ni silika, madini yaliyomo hata kwenye mchanga. Saruji inaposhika hutoa chokaa. Silika hiyo inaungana na chokaa na kuzaa gundi zaidi, inayoziba vinjia vya maji kati ya mapovu. Ila kazi hiyo huenda polepole. Matofali ya majivu yakitoka mapema yanamegeka pembe, na mzigo wangu wa kwanza ulikuja hivyo, muuzaji akisisitiza kwamba yameshakomaa. Yaliyobaki nilitaka yaendelee kufunikwa na kumwagiliwa palepale karakana. Yalipokuja yalikuwa mengine kabisa: pembe kali, ukigonga yanalia. Niliyazamisha kwenye ndoo pamoja na yale ya saruji tupu, na ya majivu yakanywa maji kidogo kuliko yale. Kwa mvua za ziwani, hilo kwangu ni kubwa.

Rangi ya majivu iangalieni sana. Majivu meusi yana mkaa ambao haujaungua, na mkaa hunyonya dawa inayotengeneza povu. Mapovu yanapasuka kabla saruji haijashika, tofali linabonyea upande wa juu likiwa kwenye kalibu na linatoka zito. Nililitilia shaka moja la kijivu kilichokoza, nikalitundika kwenye mzani wa muuza samaki: lilizidi wenzake waziwazi, nikayarudisha yote ya rundo lile. Majivu ya kijivu chepesi, yaliyosagwa na kuchekechwa, ndiyo ya kuomba. Yakizidishwa nayo ni tatizo, kwa sababu yanataka maji mengi, na mchanganyiko ukikauka mapovu hayavumilii.

Chumba kinakaa na ubaridi mchana, aina zote mbili; hewa iliyo ndani ya mapovu haipitishi joto upesi. Msingi niliuacha kwa mawe, tuliyo nayo tele. Kabla ya plasta fundi alilowesha ukuta kidogo, na matofali yalikuwa yamekauka vizuri kabla ya kujengwa, maana haya husinyaa kuliko ya kawaida na plasta inaweza kuchanika. Misumari haishiki. Kwa kabati la ukutani tumieni skrubu ndefu na plagi zake.

Sehemu ya pili ya nyumba naagiza ya majivu peke yake, na nitayalipia mapema ili yakomae karakana.