Nimetoboa kidonge cha omega-3 mbele yenu, njooni mnuse

Karibuni. Wakubwa shikamooni, wenzangu mambo vipi. Niko jikoni kwangu Uyole, Mbeya, saa moja asubuhi, na baridi ya Juni mnaijua, ndiyo maana nimevaa koti ndani ya nyumba. Ile blenda niliyowaahidi bado iko kwa fundi, msinitukane kwenye komenti. Leo nina ugomvi na hiki kichupa.

Mafuta ya samaki, vidonge 60, nimenunua Mwanjelwa kwa 45,000. Kampuni siitaji. Habari za "vya moyo, vya ubongo" wauzaji wameshawaimbia, naziruka.

Mdogo wangu, sogeza simu. Mbele wameandika kwa mbwembwe: miligramu 1000. Geuza nyuma, haya maandishi ya sisimizi: EPA 180, DHA 120. Jumla 300! Hizo EPA na DHA ndizo omega-3, aina ya mafuta uliyoifuata dukani. 700 zilizobaki ni mafuta mengine ya samaki tu. Uongo haupo, ila ujanja upo.

Sasa sindano. Natoboa... haya, yanadondoka kwenye kisosi. Mnaona yanavyotiririka? Pembeni hapa mafuta ya nazi, yamelala jikoni hilihili usiku kucha, kijiko kinasimama wima. Molekuli za omega-3 zimepinda, hazipangiki zikabanana, kwa hiyo hazigandi kirahisi. Samaki wa bahari ya baridi anaogelea kwa sababu hiyo. Hili jambo nalipenda mpaka basi, ningelitazama siku nzima.

Lakini palepale zilipopinda ndipo hewa, mwanga na joto vinapozishambulia. Nanusa... mh! Nusa na wewe. Hiyo siyo harufu ya samaki, ni mafuta ya maandazi ya juzi. Yamechacha. Na kichupa nilikikuta dirishani kinaota jua, nikakichukua mwenyewe huku nacheka. Vingine wanatia ladha ya limau, bila kutoboa hugundui.

Kuna aliyeuliza, "si nipike na alizeti tu?" Ndugu zangu wa Iringa msinune: alizeti ya kawaida imejaa omega-6, aina nyingine ya mafuta, nayo ni ya lazima, mwili hauwezi kuitengeneza. Mwaka 1929 George na Mildred Burr kule Marekani waliwanyima panya mafuta kabisa. Ngozi ikawa magamba, ukuaji ukasimama. Ila omega-3 kwenye alizeti ni kama hakuna. Parachichi la Rungwe? Tamu, nalila kila siku, lakini mafuta yake mengi ni omega-9, na hiyo mwili unajitengenezea. Chia na mbegu za kitani zina omega-3 ya mimea, ambayo mwili unageuza kidogo sana kuwa EPA na DHA.

Mimi kura yangu kwa dagaa wa Ziwa Nyasa, wale usipa wanaopandishwa kutoka Kyela. Fungu la 2,000 linalisha nyumba. Nao wanachacha, msidanganyike: chukua wanaong'aa kama fedha, waliogeuka njano waache na muuzaji wao.

Sawa, nikubali kitu. Mtu mzima anashauriwa kama miligramu 250 za EPA na DHA kwa siku, kwa hiyo kidonge kimoja kizima kinatosha. Mjamzito asiyegusa samaki, ningemwelewa, maana DHA inajenga ubongo na macho ya mtoto. Ila kukinunua ukidhani umekata bima ya moyo, hapana. Utafiti wa VITAL, matokeo yake yalitoka 2018, uliwapa Wamarekani gramu moja ya mafuta ya samaki kwa siku kwa miaka kama mitano, zaidi ya watu 25,000 kwenye utafiti wote, na kwa ujumla matukio makubwa ya moyo na kiharusi hayakupungua kwa maana. Kushusha trigliseridi zilizopanda, yaani mafuta yaliyomo kwenye damu, inahitaji dozi kubwa zaidi, na hiyo ni kazi ya daktari. Unayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, muulize kwanza.

Risiti ninayo, nakirudisha mchana huu. Wakikataa kukipokea, mtakiona kwenye video ya blenda. Ndaga fijo.