Nilikwenda kufungwa waya za meno, nikaambiwa tatizo ni taya

Mimi ni fundi cherehani hapa Mwanga, Kigoma. Wenzangu wakimaliza mshono wanainama wanakata uzi kwa meno. Mimi mkasi hauniachi shingoni. Meno yangu ya chini yametangulia ya juu, na nikifunga mdomo, pale mbele ncha ya kidole inapita. Mhindi wa kuchoma naupukuchua, embe nalikatakata kwa kisu.

Kliniki ya kwanza, jina nalihifadhi, walisema nifungwe waya tu na meno yatarudi. Nilikuwa nimeshatafuta hela. Mama mdogo akaniambia, "Mwanangu, kasikilize na mwingine kwanza." Nikapanda treni hadi Dar, hospitali moja kubwa, kwa bingwa wa upasuaji wa kinywa na taya.

Huyo hakuanza na meno. Alinitazama uso kwa ubavu, akaagiza eksirei ya kichwa kwa upande, kisha akanionyesha kwa kalamu: meno hayana kosa, mfupa wa taya la chini ndio uliopita kiasi. Waya husogeza meno, mfupa wa mtu mzima hubaki ulipo. Tofauti ikiwa ndogo, waya zinatosha. Ikiwa kubwa, na kutafuna au kutamka kunasumbua, ndipo upasuaji unafikiriwa. Kama ningekuwa natafuna vizuri ila kidevu tu sikipendi, alisema hakuna ulazima.

Hata hivyo waya ningevaa kwanza, mwaka au mwaka na nusu, na kwa muda huo meno yangeonekana yameharibika zaidi. Halafu nusu kaputi, wanakata kwa ndani ya mdomo, wanashikiza mfupa kwa vibamba na skrubu za titaniamu. Uji na mtori wiki sita hivi. Mdomo wa chini unaweza kufa ganzi miezi kadhaa, na kwa wengine ganzi haiishi kabisa. Hilo alilisema bila kuulizwa, na hapo ndipo nilipomwamini.

Mdogo wangu wa kiume ana miaka 14 na kidevu kama changu. Yeye asubiri, taya za wavulana huendelea kukua hata baada ya miaka 18.

Nyota nne. Moja nimeikata kwa sababu ya benchi: saa mbili asubuhi hadi saa tisa, na hakuna aliyenidokeza mapema kwamba waya hukazwa karibu kila mwezi. Kutoka Kigoma! Nimeomba zikazwe karibu na nyumbani, Dar niende siku ya kisu tu. Daktari amekubali, mradi nipate wa huku atakayewasiliana naye. Bado namtafuta.