Gari Linanuka Petroli? Anza Kununua Hapa Kabla ya Kuagiza Spea Kariakoo

Harufu ya petroli ukifungua mlango asubuhi, au fundi kapima kwa mashine akakuambia kosa ni P0442, P0455 au P0456: maana yake mvuke wa petroli unavuja. Kwa kawaida mvuke wa kwenye tenki hunaswa na kanista, kopo lenye mkaa maalumu ndani, kisha vali hufunguka na kuupeleka kwenye injini ukaungue. Palipopasuka njiani ndipo panaponuka. Ila kama inadondoka petroli yenyewe chini ya gari, hiyo ni hatari nyingine. Usiwashe, ita fundi.

Magari ya soko la Marekani hujikagua yenyewe kuhusu uvujaji huu tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Haya ya kwetu mengi yalitengenezwa kwa ajili ya Japani, na ukaguzi wake si mkali hivyo. Taa ya injini isipowaka, iamini pua yako.

Huku Mtwara spea nyingi zinaagizwa Dar na kuja kwa basi. Ukiagiza isiyohusika, hela ya mzigo imekwenda na kuirudisha ni kazi. Ndiyo maana nimepanga vitu vya kukagua na kununua kwa mfuatano huu.

Cha kwanza kabisa ni mfuniko wa tenki. Ni rahisi kuliko vyote na ndio unaoharibika mara nyingi. Ufungue, ugeuze, uitazame ile raba ya duara kwenye mwanga wa jua. Pitisha kidole taratibu: ikiwa ngumu, ina nyufa ndogondogo, au imebonyea upande mmoja, haibani tena. Kisha angalia mdomo wa tenki wenyewe. Kwa magari yanayolala karibu na bahari, Shangani au Mikindani, kutu hujenga vipele pale raba inapokalia, na mfuniko mpya hautasaidia mpaka pasafishwe. Nunua wa gari lako hasa, na ukipata orijino uchukue huo hata kama bei imepanda kidogo. Ule unaoambiwa "unaingia magari yote" uache dukani. Ukifunga, zungusha mpaka usikie mlio wake.

Cha pili ni mipira ya kupitisha mvuke na klipu zake. Jua letu linakausha mipira, vumbi la barabara za ndani linaisugua, na panya hupenda kuitafuna gari likikaa. Ifuate kutoka kwenye tenki hadi kwenye injini, ikunje kwa vidole, hasa kwenye maungio. Hapa nasisitiza: omba mpira wa petroli. Mpira wa maji au ule wa bustani unafanana nao na bei yake inavutia, lakini petroli inaulainisha na kuupasua, na mvuke ukikutana na injini ya moto familia yako ndiyo iko ndani. Peleka kipande cha zamani dukani mpime unene wa tundu.

Cha tatu ni ile vali ya kupeleka mvuke kwenye injini. Dalili yake inajulikana: gari linagoma kuwaka mara tu baada ya kujaza mafuta sheli. Ipime kabla ya kuinunua. Chomoa plagi yake ya umeme, injini ikiwa inaunguruma, toa mpira unaotoka upande wa kanista, weka kidole kwenye mdomo wa vali. Ikivuta, imekwama wazi, badilisha. Ya mtumba kutoka Japani inafaa, ilimradi uipime hapohapo kaunta kwa betri: ipewe umeme ilie "tik" na ipitishe hewa, ukikata umeme izibe.

Kanista iwe ya mwisho, kwa sababu ni ghali na mara nyingi haina kosa. Kinachoiua ni kujaza kupita kiasi. Watu wakitaka kwenda Dar humwambia wa pampu aongeze mpaka ionekane mdomoni, na petroli ya maji inaingia kwenye mkaa. Pampu ikikata, inatosha.

Mashine ya moshi, ile inayopuliza moshi kwenye mfumo ili uonekane unapovujia, usinunue kwa gari moja. Lipa fundi aliye nayo, tena ni kipimo kizuri kuliko vyote kwa tundu lisiloonekana. Usikubali mtu apulizie mfumo kwa kompresa ya pancha. Presha yake ni kubwa mno, itapasua hata vilivyo vizima. Na gundi za kuziba mipira ya petroli sizipi nafasi yoyote.

Kazi hiyo ifanyie nje, injini ikiwa imepoa, mbali na jiko la mkaa na sigara. Ile vali tu ndiyo inahitaji injini kuwaka. Ukimaliza, taa inaweza kukaa siku kadhaa kabla ya kuzimika, maana gari hujipima tenki likiwa na mafuta ya kadiri, si tupu wala limejaa pomoni. Harufu ndiyo itakayotangulia kuondoka.