Bomba la H lisilo na katalitiki kwenye Mustang 5.0: nguvu au kelele?

Bidhaa ni bomba la H la inchi 2.5, yaani mabomba mawili ya moshi yaliyounganishwa katikati kama herufi H. Halina katalitiki (kifaa cha kusafisha moshi) hata moja, na linakaa mahali pa lile la kiwandani kwenye Ford Mustang za injini ya lita 5.0 za 1987 hadi 1993. Nalipatia nyota tatu kati ya tano. Uchomeleaji ni safi, linaingia bila kulazimishwa, lakini ile nguvu inayowafanya wengi walinunue ni ndogo kuliko wanavyoambiwa.

Mustang hizi zilitoka kiwandani na katalitiki nne, mbili kila upande, kwa hiyo moshi wa kila upande hupenya majiwe mawili ya kauri kabla ya kufika kwenye sailensa. Hilo ndilo linaloipa 5.0 nafasi ya kupata faida kuliko V8 (injini za silinda nane) nyingi za siku hizi. Hata hivyo, kama majiwe ni mazima, mimi hutegemea nguvu za farasi 5 mpaka 10, tena juu kabisa ya mizunguko ya injini kwa dakika. Kwenye injini iliyoandikiwa farasi 225 (205 kwa ya 1993), hesabu hiyo iko karibu sana na tofauti ambayo mashine ya kupimia nguvu huweza kuitoa yenyewe: pima gari lilelile mara mbili, moja injini ikiwa ya moto kupita kiasi, na asilimia 1 au 2 inapotea bila kubadilisha kitu. Kinachomshawishi dereva ni sauti. Gari likinguruma zaidi, mtu anahisi linakwenda zaidi.

Katalitiki iliyoziba ni habari nyingine kabisa. Hapo gari linakataa kuvuta, linakuwa zito kuanzia mizunguko 3,000, na ukiliondoa kopo la katalitiki linafufuka. Wengi wanaosimulia maajabu ya kutoa katalitiki walitoa iliyokufa, na katalitiki mpya nzima ingewarudishia karibu nguvu ileile. Ndiyo maana nasema pima kwanza, ununue baadaye.

Kupima ni kazi ya nusu saa. Fungua sensa ya oksijeni ya mbele kwa spana ya milimita 22, kwenye tundu lake funga geji ya shinikizo inayosoma mpaka psi 10 (psi ni kipimo cha shinikizo). Injini ikiwa ya moto na imewashwa tu bila kukanyaga mafuta, isizidi psi 1.5. Panda mpaka mizunguko 2,500 na ushikilie: chini ya 3, njia iko wazi. Ikipita hapo na kuendelea kupanda huku mguu umetulia, kuna kizuizi. Baada ya kufungua bomba, mulika tochi ndani ya kopo. Jiwe zima lina vitundu vilivyonyooka kama sega, rangi ya kijivu. Lililoyeyuka lina doa linalong'aa kama kioo kilichoganda, vitundu vimefumba. Ukikuta hivyo, usilaumu jiwe. Plagi iliyokufa au injekta inayovuja ilimwaga petroli mbichi, ikaungulia humo ndani. Usipotibu chanzo, hata katalitiki mpya itayeyuka.

Kulifunga si kazi ngumu, ila nati za kwenye manifoldi (bomba linalokusanya moshi kutoka kwenye injini) zimeungua miaka mingi. Zipulizie mafuta ya kulegeza usiku wa kabla, na uzifungue polepole, mbele na nyuma, maana stadi (msumari wa nyuzi unaoshika nati) ikikatikia ndani ya manifoldi utamaliza siku nzima ukitoboa. Weka gasketi mpya. Hapa ndipo watu hukosea: flanji (sahani ya kuunganishia bomba) ikivuja kidogo mbele ya sensa, hewa ya nje huvutwa ndani kati ya pigo na pigo la moshi, sensa inaona oksijeni nyingi, kompyuta inadhani mchanganyiko una petroli kidogo na kuongeza. Gari linaanza kunuka na kula mafuta, na lawama inaangukia bomba. Grisi ya sensa ipakwe kwenye nyuzi tu, isiguse ncha.

Jambo jingine ambalo maelezo ya bidhaa hayakuligusa ni pampu ya hewa. Kiwandani ina mrija unaopeleka hewa kwenye katalitiki, na bomba hili halina mahali pa kuupokea. Lazima uondoe mrija na kuziba njia yake vizuri. Ukitoa na pampu yenyewe, utahitaji mkanda mfupi zaidi.

Kuna imani kwamba injini inahitaji shinikizo la nyuma ili iwe na nguvu chini. Si kweli. Inachohitaji ni moshi unaokwenda kasi, na bomba pana kupita kiasi ndilo linalopunguza kasi hiyo. Inchi 2.5 zinaitosha 5.0 ya kawaida. Inchi 3 ni za injini iliyoongezwa nguvu sana.

Kwa wenye V8 za 1996 kuja huku, msichukue matokeo ya gari hili. Yenu yana sensa nyuma ya katalitiki pia. Ukiitoa katalitiki, sensa ya nyuma inaanza kurukaruka kama ya mbele, taa ya injini inawaka na msimbo wa hitilafu P0420 au P0430, kila upande na wake. Faida kwenye injini isiyo na turbo huwa ndogo, kwa sababu katalitiki za kisasa zinapitisha vizuri. Kubadilisha hedazi (manifoldi za mabomba marefu) pamoja na programu ya injini ndiko kunakoleta tofauti unayoweza kuipima. Injini yenye turbo hufaidika zaidi, maana shinikizo nyuma ya turbini huichelewesha kuzunguka.

Sheria nayo iwe wazi: Marekani, sheria ya hewa safi inakataza kutoa katalitiki kwenye gari la barabarani, na katazo hilo linamhusu fundi na mwenye gari. Bomba hili linauzwa kwa matumizi ya uwanja wa mashindano na mimi nalipima kwa hilo tu. Kwa barabara ningechukua katalitiki ya kupitisha kwa wingi, yenye jiwe la chuma la vitundu 200 kwa inchi mraba badala ya 400, iliyoidhinishwa kwa gari husika. Inakaribia sana bomba tupu kwa nguvu, na macho ya anayekufuata nyuma hayachomwi.

Mlio ni wa ukali kwenye mizunguko 2,000 ya safari, mvumo unaojaa ndani ya gari na kuchosha masikio. Sailensa za kiwandani hupunguza kidogo tu. Na kwa kuwa kaboni monoksidi haina harufu, uvujaji wowote chini ya sakafu ushughulikiwe siku hiyohiyo. Baada ya injini kupata moto na kupoa mara mbili tatu, ingia tena chini ukakaze nati za flanji. Gasketi hushuka, na nati hulegea.