Nililipa 3,000 kwa mwezi nikae na matreda wenzangu Nakuru, wakanifutia hasara yangu

Naandika haya nikiwa bado na hasira, na sitaki kusubiri ipoe. Kama uko Nakuru na umealikwa ujiunge na lile kundi la matreda lenye chumba ghorofa ya pili, hatua chache kutoka Kenyatta Avenue, soma kwanza. Jina lao silitaji. Aliyewahi kuingia pale atawajua kwa ule ubao.

Ubao ndio ulionitoa, kwa hiyo naanza nao. Ni mweupe, mkubwa, umetundikwa ukutani mkabala na mlango ili ukiingia tu macho yatue hapo. Juu umeandikwa "Matokeo ya Wiki". Chini kuna majina na faida za wiki kwa dola: +85, +140, +412. Zote kwa kalamu ya kijani. Nilikaa pale karibu miezi minne na sikuwahi kuona namba hata moja yenye alama ya kutoa. Kwenye kile kibao cha kuwekea kalamu kulikuwa na tatu za kijani zilizochakaa, na moja nyekundu ambayo bado ilikuwa na karatasi yake ya dukani.

Sasa, mtu mzima mwenye watoto analipaje shilingi 3,000 kila mwezi kukaa chumbani na watu wanaotazama simu kama yeye? Ngoja nieleze, kwa sababu mke wangu aliniuliza hivyo hivyo na nilishindwa kumjibu vizuri.

Mimi ni fundi wa simu, na huu ni mwaka wa pili natredi foreksi na dhahabu, yaani nabahatisha kwenye simu kama bei ya sarafu za kigeni au ya dhahabu itapanda au itashuka. Naishi mtaa wa London hapa hapa Nakuru. Soko la London lenyewe, la kule Uingereza, kwetu linachangamka saa nne asubuhi, au saa tano wakati wao wamerudisha saa nyuma. Saa hizo majirani wako kazini. Wewe uko na mishumaa yako kwenye kioo, ile michoro ya bei, inapanda, inashuka. Ukipata dola 12, hakuna wa kumwambia: ukimwambia ndugu yako, jioni anakuja kukopa. Ukipoteza dola 12, hakuna pia: watakuambia si tulikuonya hiyo ni kamari. Kwa hiyo unanyamaza ukishinda na unanyamaza ukishindwa. Mtu anayeuza mahindi pale Wakulima akipata hasara, gunia lake limeota ukungu na kila mtu analiona. Jirani wa kibanda anampa pole, anamwambia siku nyingine usiweke chini, weka juu ya mbao. Hasara yetu haina gunia. Iko ndani ya simu, simu iko mfukoni, na wewe unakaa mezani unakula ugali na watoto wako kama hakuna lililotokea.

Na ukiwa peke yako kichwa kinakudanganya. Mwaka mzima niliamini kwamba siku zangu nzuri ni nyingi kuliko mbaya, hadi siku nilipokaa nikahesabu. Hazikuwa nyingi. Siku nzuri ndizo tu nilizokuwa nazikumbuka. Nilitaka mtu mmoja wa kumwambia asubuhi "leo nikipoteza mara mbili nafunga simu," ili ile ya tatu nione aibu kuifungua. Hilo ndilo nililokuwa nanunua kwa 3,000. Sikwenda kutafuta siri ya utajiri.

Na mwezi wa kwanza nililipata, lazima niseme ukweli. Intaneti ni ya kasi, stima ikipotea wana betri, sawa, hayo ni mambo madogo. Kubwa lilikuwa mama mmoja anayeuza mitumba, alikuwa anakaa kona ya dirisha. Siku moja aliniona nabonyeza ukubwa wa loti, kile kipimo cha kiasi unachotredi, kama mtu anayechagua namba ya bahati. Akavuta daftari langu, akasema, "Kaka, hebu ona." Akaandika: loti 0.01 ya dhahabu ni aunsi moja. Bei ikisogea dola moja, pesa yako imesogea dola moja. Loti 0.05 ni aunsi tano, bei ikienda dola kumi, wewe umeenda hamsini. Mistari mitatu ya biro. Mwaka mzima nilikuwa nabonyeza kitu nisichokijua uzito wake, na mtu aliyekuja pale akitoka kufungua marobota alinieleza kwa dakika tano, bure. Siku hiyo nilirudi nyumbani nimechangamka hadi mke wangu akauliza nimeshinda ngapi. Sikuwa nimeshinda chochote. Kama ningeandika haya wiki hiyo, ningewapa nyota tano na kuwaleta marafiki.

Basi ikafika ile Ijumaa.

Mvua kubwa zilikuwa zimeanza. Ilikuwa siku ya takwimu za ajira za Marekani, na kila anayetredi dhahabu anaijua: kwa kawaida ni Ijumaa ya kwanza ya mwezi, kwetu saa tisa na nusu alasiri, au saa kumi na nusu wao wakiwa kwenye majira ya baridi. Ajira zikizidi matarajio, mara nyingi dola inapata nguvu na dhahabu inaanguka. Zikipungua, kinyume chake. Kabla namba hazijatoka, sisi wa huku chini tunabahatisha tu. Kocha, mkuu wa kundi, yeye hakubahatisha. (Ndivyo anavyotaka aitwe, Kocha, ingawa ni mdogo kwangu kwa miaka mingi.) Saa tisa na robo akatuma kwenye grupu: "Nunua dhahabu sasa. Wekeni loti kubwa, msiogope." Chumba kizima kikainama kwenye simu kama watu walio kwenye maombi. Nami nikaweka 0.05, mara tano ya ninavyoweka siku zote, na sikuweka kikomo cha hasara, ile bei ambayo ikifikiwa biashara inajifunga yenyewe. Niliweka kwa sababu wote waliokuwa chumbani walikuwa wanaweka, na nilitaka kuwa mmoja wao. Hilo kosa ni langu na simsukumii mtu.

Namba zikatoka. Mshumaa uliruka juu kidogo, ukasita, kisha ukageuka mwekundu na kuteremka hadi ukatoka chini ya kioo. Dhahabu ilikuwa imeanguka dola 14 kabla kidole changu hakijapata pa kufungia. Aunsi tano, dola 14: dola 70, kwenye akaunti ya dola 200. Kwa shilingi ni zaidi ya 9,000. Kodi yangu ya mwezi mzima ilikwenda ndani ya muda ambao chai haiwezi kupoa.

Hakuna aliyesema neno. Nilimgeukia jamaa wa kando yangu, naye taratibu akalaza simu yake kifudifudi juu ya meza. Wa mbele yake pia. Nikatazama chumba kizima: simu kumi na kitu, zote kifudifudi. Hilo ndilo ninaloliona hadi leo nikifunga macho. Watu waliolipa ili wasiwe peke yao, kila mmoja amefunika hasara yake asiione jirani.

Baada ya dakika chache ule ujumbe wa "nunua" ukafutwa. Mahali pake ikaja skrinshoti: Kocha alikuwa ameuza, yaani aliweka kwamba bei itashuka, faida dola 412. Grupu likajaa makofi na alama za moto. Waliopiga makofi ni wale wale wa simu kifudifudi.

Jumamosi ndiyo siku ya kikao cha matokeo. Kocha akaandika +412 yake kwa kijani, akaanza kuita. Mwenye faida anasema, anaandikwa. Asiye nayo anatazama viatu, anarukwa. Ilipofika zamu yangu nikasimama.

"Kocha, mimi nina matokeo."

"Lete, boss."

"Kutoa sabini."

Akatabasamu. "Hayo si matokeo, ni makosa yako. Nenda karekebishe, utarudi."

"Ulituambia tununue."

"Nani alikuambia? Nionyeshe hiyo meseji."

Nikamwambia, basi fungua historia ya akaunti yako hapa mbele ya watu, tuone hiyo 412 ilifungwa saa ngapi. Picha aliyotuma ilikuwa ya biashara ambayo bado iko wazi, na anayetredi anajua faida ambayo hujaifunga si yako bado, inaweza kuyeyuka unaitazama. Swali hilo ni la adabu kabisa. Treda akikuonyesha ushindi, unamwomba historia, kama vile unavyomwomba mwenye duka risiti.

Hakuifungua. Akaniuliza akaunti yangu ilikuwa na ngapi. Nikasema dola mia mbili. Akageukia watu. "Mia mbili! Hiyo si mtaji, hiyo ni hela ya nyama choma. Hapa tuna roho ya ushindi. Huyu ametuletea roho ya umaskini, na hiyo roho inaambukiza."

Wakacheka. Yule wa kando yangu naye alicheka.

Nilienda kwenye ubao. Nikachukua ile kalamu nyekundu, nikabandua karatasi, nikaandika jina langu na mbele yake -70. Kalamu ilikwaruza, maana ilikuwa haijawahi kutumika. Sikuwa na mpango wa kumwaibisha mtu. Nilitaka tu ikae pale, mbele ya watu wanaojua maana yake, angalau hadi Jumatatu. Kocha hakutafuta hata kifutio. Alikuja akafuta kwa kiganja, akakipangusa kwenye suruali yake, akaniambia mlango uko wapi. Kabla sijamaliza ngazi simu ikatetema: nimeondolewa kwenye grupu. Nilikuwa na wiki mbili nilizolipia. Hadi leo hakuna aliyezitaja.

Mwaka 2018 wasimamizi wa masoko wa Ulaya walisema kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za wateja wa kawaida wa biashara ya aina hii hupoteza pesa. Nilikuwa naijua namba hiyo tangu kabla ya kujiunga. Nikaingia kwenye chumba cha watu zaidi ya kumi ambapo kila wiki waliosikika wote walishinda, na sikuuliza. Jambo jingine: Kocha anakusanya pesa za wanachama kwa "akaunti ya pamoja" ili awatredie. Kanuni za Kenya za 2017 zinataka anayesimamia fedha za wengine kwenye foreksi ya mtandaoni awe na leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Orodha ya wenye leseni iko wazi kwenye tovuti yao. Nimeisoma yote. Hayumo.

Kwa hiyo uamuzi wangu ni nyota sifuri. Msiende. Msitume hata shilingi.

Lakini niliposhuka hadi chini, nikasimama nje ya mlango nikingoja mvua ipungue, yule dada anayekaa mapokezi alishuka mbio na chaja yangu mkononi. Niliisahau kwenye soketi. Akanipa, halafu hakurudi. Akasema kwa sauti ya chini, "Hata mimi akaunti yangu iliisha. Sijawahi kumwambia mtu."

Nikamuuliza ilikuwa ngapi. Akaniambia. Nikamwambia pole. Tukasimama pale tukitazama maji yakipita kwenye mtaro, na nakuambia ukweli, hayo ndiyo matokeo ya kwanza niliyosikia tangu nianze kulipa.

Sasa sijui hata niweke nyota ngapi. Bila chumba kile nisingemjua yule mama wa mitumba, na loti zangu ningekuwa bado nazibonyeza gizani. Kocha hastahili hata nusu. Waliokuwa wamekaa kwenye vile viti vyake wanastahili zaidi ya tano, hata waliocheka, maana najua walichofunika kwenye zile simu. Nitaweka moja, na iwe ya yule dada.

Mama wa mitumba aliacha kwenda wiki iliyofuata. Alinipigia mwenyewe, sikumtafuta. Siku hizi tunakutana kwenye kibanda cha chai karibu na anapouzia, Jumamosi baada ya saa kumi, tuko wanne. Kila mtu anakuja na daftari. Mwenye faida anaionyesha ikiwa imeshafungwa, mwenye hasara anaisoma kwa sauti na kusema aliingia kwa nini. Hakuna anayelipa chochote ila chai yake. Jumamosi iliyopita nilisoma kutoa 9, mama akasoma kutoa 22, akanipokonya biro na kuniuliza kikomo changu nilikiweka wapi.